Gundi Iliyo Ndani ya Gome la Mwati

Ubao wa chipbodi wa futi nane kwa nne, wenye unene wa milimita 18, una uzito wa kilo 35 hivi. Kati ya kilo hizo, karibu 3 si mti. Ni gundi, na katika mbao nyingi za aina hiyo gundi yenyewe imepikwa kwa urea na fomaldehaidi, gesi ileile ambayo ikiyeyushwa kwenye maji huitwa fomalini na kupelekwa mochwari. Fundi wa Keko au Gikomba anayepasua ubao huo kwa msumeno wa umeme, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, anaijua kwa macho kuwasha na koo kukereketa, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Siidharau gundi ya urea. Ni rahisi, haina rangi, hukauka upesi ndani ya presi, na bila hiyo kabati la nguo lingebaki kuwa mali ya wachache. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: kifungo kati ya urea na fomaldehaidi hufunguka kikikutana na maji. Unyevu ukiingia, gundi inaachia, gesi inatoka, ubao unafura. Kabati la chini ya sinki linaloumuka kingo na chumba kipya kinachonuka ukali ni dalili mbili za ugonjwa mmoja. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hapo ndipo muuzaji atakuonyesha muhuri wa E1. Daraja hilo la Ulaya huruhusu miligramu 0.124 za fomaldehaidi katika kila mita ya ujazo ya hewa, na Umoja wa Ulaya umeshapitisha kanuni ya kukishusha kiwango hicho hadi 0.062 kwa samani na bidhaa za mbao kuanzia Agosti 2026. Lakini tazama kipimo kinafanyikaje. Ubao huwekwa ndani ya chumba cha maabara chenye nyuzi 23 za Selsiasi na unyevunyevu wa asilimia 45. Nani anayelala katika hewa ya namna hiyo Tanga, Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Machi? Joto na unyevu ndivyo vitu viwili vinavyoichochea gundi ya urea kuachia gesi, na pwani yetu tumejaliwa vyote viwili. Ubao uliofaulu kihalali kabisa kule unaweza kutoa gesi zaidi hapa bila mtu yeyote kudanganya. Kwa hiyo kwetu suala la gundi haliishii kwenye muhuri. Linarudi kwenye kemia yenyewe: ni kifungo gani kimeshika vibanzi vya ubao, na kinafanya nini kikilowa?

Safu hii inahusu kifungo cha aina nyingine, kinachotokana na magome ya mti ambao wakulima wa Njombe, Lushoto na nyanda za juu za Kenya wanaujua vizuri: mwati.

Tanini ndiyo ile inayokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea au ukiuma ndizi mbichi. Mti huitengeneza ili kujikinga na wadudu na kuvu, kwa kushikana na protini zao. Ngozi ni protini pia, ndiyo maana kwa karne nyingi wasindikaji wa ngozi walitafuta magome. Gome kavu la mwati lina tanini ya asilimia 30 hadi 40, kiwango ambacho miti michache sana duniani inakifikia. Mti wenyewe asili yake ni kusini-mashariki mwa Australia. Mbegu zilifika Natal, Afrika Kusini, mwaka 1864 kwa mkono wa John Vanderplank, zikapandwa kwa ajili ya kivuli na kukinga upepo, na miongo miwili baadaye biashara ya magome ikaanza. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwati ulikuwa umeshafika Kenya, ambako East African Tanning Extract Company ya Eldoret ilikuja kumiliki maelfu ya hekta za Uasin Gishu. Tanganyika, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha mashamba ya Kibena, Njombe, mwaka 1949. Ndiyo yaliyozaa kampuni ambayo mpaka leo watu wanaiita Tanwat.

Kisha soko la ngozi likageuka. Chumvi za kromiamu husindika ngozi kwa siku moja au mbili, kazi ambayo magome huifanya kwa wiki kadhaa, na leo sehemu kubwa ya ngozi ya dunia hupitia kromiamu. Mashamba ya Eldoret yaligawanywa na kuuzwa, mahindi na ngano vikachukua nafasi. Wengi wakahitimisha kwamba mwati umebakiwa na kazi ya mkaa tu.

Hitimisho hilo lilikuwa la haraka, kwani wakati ngozi inaukimbia mwati, wanakemia wa mbao walikuwa wanausogelea. Katika miaka ya 1950 L. K. Dalton, nchini Australia, alionyesha kwamba dondoo la magome ya mwati likichanganywa na fomaldehaidi huganda na kuwa gundi isiyoyeyuka. K. F. Plomley akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1960. Lakini gundi ya maabara na gundi ya kiwanda ni vitu viwili, na daraja kati yake lilijengwa Afrika Kusini, katika baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la Pretoria, ambako Antonio Pizzi na wenzake waliifikisha gundi ya tanini kwenye mistari halisi ya kutengeneza chipbodi na plaiwudi katika miaka ya 1970. Wakati ulikuwa mwafaka. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, na fenoli, ambayo ndiyo msingi wa gundi za nje zisizoogopa maji, hutokana na mafuta. Nchi iliyokuwa na misitu ya mwati na haina visima vya mafuta ilikuwa na kila sababu ya kujaribu.

Sababu ya kikemia ni hii. Tanini ya mwati ni fenoli ambayo mti umeshaitengeneza. Ikikutana na fomaldehaidi, pete za kaboni katika molekuli zake huunganishwa kwa vifungo vya kaboni kwa kaboni, na vifungo hivyo maji hayavifungui, hata yakichemka. Plaiwudi ya daraja la nje hupimwa kwa kuchemshwa saa 72 kisha kujaribiwa kubanduliwa. Gundi ya urea haifiki mbali katika mtihani huo, ilhali gundi ya tanini iliyotengenezwa vizuri hufaulu. Zaidi ya hapo, tanini huidaka fomaldehaidi mara 10 hadi 50 haraka kuliko fenoli ya kiwandani, hivyo kiasi kidogo tu cha gesi hiyo kinatosha, na kikishadakwa hakirudi.

Kasi hiyo ndiyo neema na ndiyo taabu. Molekuli ya tanini ni kubwa na ngumu, haipindiki. Fomaldehaidi ikiingia, molekuli zinashikana kwa pupa kabla hazijajipanga. Ni kama abiria wanaoivamia daladala ya jioni: wote wanaingia kwa pamoja, wanakwama mlangoni, na viti vya nyuma vinabaki vitupu. Ndani ya gundi, viti hivyo vitupu ni sehemu ambazo zingeweza kufungamana lakini hazikufikiana, na matokeo yake ni gundi inayovunjika kama kioo. Juu ya hilo kuna suala la usafi wa dondoo. Katika unga wa mwati, robo hivi si tanini bali ni sukari na gundi-asili za mti. Sukari haishiki chochote. Zile gundi-asili ni asilimia chache tu, lakini hufanya mchanganyiko uwe mzito mno kupuliziwa kwenye vibanzi, na huvuta maji ndani ya ubao uliokamilika.

Wataalamu wa Pretoria, na waliowafuata, walizitatua kasoro hizi moja baada ya nyingine, na sehemu hii ya historia inanifurahisha kuliko zote kwa sababu haina miujiza. Uasidi hurekebishwa kwa magadi ya kiwandani ili kuitawala kasi ya kuganda. Salfaiti huongezwa wakati wa kuchemsha magome, na mnato unapungua. Gundi kidogo ya fenoli au ya isosayaneti huchanganywa ili iyafikie yale mapengo ambayo tanini peke yake haiyafikii. Vibanzi hukaushwa zaidi ya kawaida, kwa kuwa gundi hii inakuja na maji mengi, na maji yakiwa mengi kupita kiasi, presi inapofunguka mvuke hupasua ubao katikati. Kila hatua ni jambo ambalo fundi mitambo makini anaweza kujifunza.

Swali la fomaldehaidi lina hatua yake ya pekee, nayo ni kigumisho, kile ambacho mafundi rangi wanakiita hadina. Zamani ilikuwa parafomaldehaidi, unga unaotoa gesi ukipashwa moto. Siku hizi kuna heksamini, unga mweupe mkavu unaosafirishwa kwa urahisi kuliko fomalini. Heksamini hutengenezwa kwa fomaldehaidi na amonia, kwa hiyo kuiita gundi yake kuwa haijawahi kuonana na fomaldehaidi ni kumdanganya mnunuzi. Ukweli wenyewe unatosha: tanini ni nyepesi mno kudaka kiasi kwamba inavinasa vipande vya heksamini kabla havijavunjika hadi kuwa gesi. Kiasi cha asilimia 6 au 7 ya uzito wa tanini kinatosha, na ubao unaotoka hutoa fomaldehaidi kwa kiwango kinachokaribia kile ambacho mbao zenyewe hutoa zikipashwa moto. Ndiyo, hata mti usio na gundi hutoa kidogo.

Kama kemia imekamilika hivi, mbona dunia nzima haijahamia huko? Jibu limo kwenye hesabu. Turudi kwenye ule ubao wa kilo 35. Kilo 3 za tanini kavu zinahitaji magome makavu ya kilo 8 hadi 10, na magome mabichi karibu mara mbili ya hapo. Kiwanda kidogo kinachotoa mita za ujazo 100 za chipbodi kwa siku kingetumia tani 5 na nusu za tanini kila siku, ambazo kwa siku 300 za kazi ni tani 1,650. Mstari mkubwa wa kisasa wa Ulaya, wa mita za ujazo 1,000 kwa siku, ungetaka tani 16,500 kwa mwaka. Dunia nzima, kuanzia kiwanda cha TANAC cha Rio Grande do Sul nchini Brazili, wavunaji wa mti wa kebracho wa Argentina, hadi wenye miwati wa Afrika Kusini, hutoa takriban tani 200,000 za tanini kwa mwaka, na sehemu kubwa inakwenda kwenye ngozi. Viwanda kumi na viwili vya Ulaya vingeimaliza yote.

Hesabu hiyo inawakatisha tamaa Wajerumani na Wachina. Mimi inanipa matumaini, kwa sababu sisi hatuna mistari ya mita za ujazo 1,000. Viwanda vyetu ni vidogo, viko karibu na misitu, na vinanunua gundi au malighafi zake kutoka ng'ambo kwa dola. Malighafi isiyotosha kuilisha dunia inaweza kutosha kabisa kuulisha mkoa mmoja. Udogo ambao siku zote tumeuhesabu kuwa unyonge, katika jambo hili ni faida.

Ningeanza na plaiwudi, wala si chipbodi. Katika plaiwudi gundi hupakwa kati ya vinia, yale matabaka membamba ya mti, haichanganywi na kila kibanzi, hivyo shiti la milimita 18 linatumia tanini kavu isiyofika kilo 2. Na soko lake liko wazi. Nenda kwenye jengo lolote linalomwagwa zege uone zile mbao za kahawia zinazoitwa marine. Nyingine ni za kweli. Nyingine zina karatasi ya fenoli juu na gundi dhaifu ndani, na baada ya kumwagiwa zege mara chache zinaachana tabaka. Mkandarasi anayeipata plaiwudi ya ndani ya nchi inayostahimili kuchemshwa atainunua bila kuhubiriwa habari za mazingira. Rangi nyekundu iliyoiva ya tanini, ambayo kwenye samani nyeupe ni kikwazo, kwenye zege haimsumbui mtu.

Mazingira ya kufanya hivyo yapo. Mufindi na Njombe kumejengwa viwanda vya kumenya vinia kutoka kwa misindano na mikaratusi, na Kibena imeunganishwa navyo kwa barabara ya lami inayopita Makambako. Hata kijazio kimo humu humu: gundi ya plaiwudi huongezewa unga wa kuizuia isizame yote ndani ya mti, na katika kanuni za gundi ya mwati unga uliozoeleka ni wa vifuu vya nazi vilivyosagwa laini. Vifuu ambavyo kutoka Mafia hadi Kilifi huchomwa au hutupwa.

Kinachonitia wasiwasi ni magome. Mwati huvunwa ukiwa na miaka 8 hadi 12, na gome huchunwa kwa mikono siku mti unapoangushwa. Likikaa, linaoksidika, rangi inakuwa nzito na uwezo wa kufungamana unapungua. Mkulima mdogo ambaye lori limechelewa wiki moja amepoteza sehemu ya mali bila kujua, na akilipwa kwa kilo bila kupimwa ubora, hana sababu ya kuharakisha. Kipimo chenyewe si ghali. Dondoo huchemshwa na fomaldehaidi pamoja na asidi, kile kinachoganda kinachujwa na kupimwa uzito, na jibu huitwa namba ya Stiasny. Chini ya 65 gundi haitafaa, na mwati mzuri hupita hapo kwa mbali. Msindika ngozi hakihitaji kipimo hicho, kwa sababu yeye huangalia jinsi tanini inavyoshika ngozi, ndiyo maana dondoo linalosifiwa kwenye soko la ngozi linaweza kumshinda mtengeneza gundi. Kiwanda cha mbao kinachoagiza unga wa mwati kwa cheti cha ngozi peke yake kinacheza kamari.

New Zealand walilipia somo hili. Kule Kinleith, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianza kutoa tanini kutoka magome ya misindano kwa ajili ya gundi, na kabla ya muongo kwisha kiwanda kikafungwa. Tanini ya msindano inaganda kwa kasi kuliko hata ya mwati, hutoka kidogo kwa kila tani ya gome, na ubora wake hubadilikabadilika. Nalitaja hilo kwa sababu ya malundo ya magome ya misindano yanayooza kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga. Yanavutia, na utafiti uendelee, lakini asiyeanza na mwati atajifunza kwa hasara.

Kuna gome jingine ambalo ningeomba liachwe. Wakati wa Wajerumani, magome ya mikoko ya Rufiji yalipakiwa majahazini na kusafirishwa Ulaya kwa ajili ya ngozi, na tanini yake ni nzuri kweli. Mkoko ukichunwa unakufa, na pamoja nao yanaondoka mazalia ya kamba na ukuta unaozuia bahari. Hakuna gundi yenye thamani hiyo.

Mwati nao si malaika. Umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyoandaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, mbegu zake hudumu ardhini miaka mingi zikisubiri moto, na kwenye kingo za mito hunywa maji na kuisukuma mimea ya asili. Kuupanda upya lazima kufanyike mbali na vyanzo vya maji, kwenye ardhi iliyokwishalimwa. Kuna njia ya kuanza bila kupanda hata mti mmoja: miwati iliyojiotea, inayokatwa kila mwaka kwa ajili ya mkaa huku magome yake yakiachwa yaoze. Mkaa haulihitaji gome. Mkulima huyohuyo, mti uleule, siku ileile, angeuza vitu viwili.

Ningetamani kuona jaribio moja la kweli, na halihitaji mkutano wa kimataifa. Kiwanda kimoja cha plaiwudi cha Mufindi kiagize tani chache za unga wa mwati wenye namba ya Stiasny iliyoandikwa kwenye kila gunia, pamoja na heksamini na unga wa vifuu. Kipige vinia vyake vyenyewe kwenye presi yake yenyewe, kwa zamu ya kawaida na wafanyakazi wa kawaida. Sampuli za kila siku zichemshwe saa 72. Wizara yenye dhamana ya viwanda igharamie kipimo cha gesi, nacho kifanyike kwa nyuzi 32 na unyevunyevu wa asilimia 80, sambamba na kile cha Ulaya, namba zote mbili zichapishwe. Na kwa upande wa magome, bei mbili zibandikwe ukutani kwenye kituo cha kununulia kabla mkulima hajanoa panga: moja ya gome lililofika ndani ya siku tatu, nyingine ya lililochelewa.